Kutafuta piesi za jeep ya zamani ya jeshi: hesabu meno mbele ya kulipa



Kwenye mkutano wetu wa mwisho, yaya mmoja aliniuliza mbele ya watu: "We injenieri, ile diplome yako ya elektromekanike inakusaidia nini?" Nikajibu kwamba niko kwa garaji ya yomba, natengeneza gari la vita. Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Nilinyamaza. Lakini njiani nikajiambia: hawa watu hawajui hata kidogo kazi hii iko namna gani, na mimi mwenyewe ilinichukua hasara kubwa kuielewa. Basi najibu leo, polepole, na hasara nitaisema pia.

Gari lenyewe ni jeep, ile ndogo ya Vita ya Pili ya Dunia. Iko Likasi, kwa mzee mmoja wa miaka 78. Baba yake aliinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anafunga shamba lake, akaitumia kubeba mahindi mpaka siku ilipokataa kuwaka. Tangu hapo ililala chini ya mwembe, kuku wanataga ndani. Mzee macho yake yanaanza kufunga. Anataka kitu kimoja tu: kuiendesha yeye mwenyewe mara moja, mpaka kijijini, kwenye kaburi la baba yake, wakati bado anaona barabara. Watoto wake walichanga dola 600 kwa ajili ya piesi. Wakanipa mimi, juu nilisoma.

Jeep ilikosa demarere, ile wenzetu wa Tanzania wanaita stata. Mtu alishaitoa zamani, labda akaiuza kwa mitraye. Nikaingia mjini Lubumbashi, nikazunguka kwa wauza piesi, nikasema: "Natafuta demarere ya jeep." Wengi walicheka. Mmoja akaingia nyuma ya duka, akarudi na moja nzito, imepakwa rangi nyeusi mpya. "Hii njo ya jeep, papa. Utaweka tu, itaingia." Dola 140. Nikalipa.

Na kweli iliingia. Buloni zilikaa mahali pake bila kulazimisha. Tukaunga batri, Mzee mwenyewe akakanyaga. Ikatoka sauti kama mtu anasaga mawe kwenye sahani ya chuma. Akakanyaga tena. Mara ya tatu nikamwomba aache. Tulipofungua, meno ya ile pete inayozunguka volani ya motere, yale ambayo demarere inayashika ili kuzungusha motere, yalikuwa yameliwa upande mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na panya.

Yomba alitazama, hakupaza sauti. Alisema tu: "Ulimaliza hesabu kali kali pale iniversite, sasa meno ya pete njo inakushinda?"

Sasa nieleze kosa lilikuwa wapi, maana ndani ya kosa hilo mna kazi yote.

Tunasema "jeep" kama vile tunasema "sukari", kama kitu kimoja. Siyo. Wakati wa vita, kati ya 1941 na 1945, kampuni mbili za Marekani zilitengeneza zaidi ya 600,000: Willys, ambayo yake inaitwa MB, na Ford, ambayo yake inaitwa GPW. Hizo mbili zilipangwa zifanane, ili fundi wa jeshi achukue piesi ya hii aweke kwa ile. Vita ilipoisha, Willys ikaanza kuuzia raia, na majina yake yanaanza na CJ. Kisha jeshi la Marekani likapata zake nyingine, M38 na M38A1, za umeme wa volti 24. Ufaransa nao, kampuni ya Hotchkiss ikapata leseni na kutengeneza M201 kuanzia 1955 mpaka 1966, zaidi ya 27,000. Uhindi, Mahindra nao walianza kuunganisha jeep. Zote hizo ukizitazama kwa mbali ni ndugu. Ukiwa na spana mkononi, ni ndugu wa tumbo mbalimbali.

Volani ya motere ya jeep ya vita ina meno 97. Zile za raia zilizokuja nyuma yake, kubwa kubwa zake zina meno 124, na kuna nyingine za volti 12 zenye 129. Upana wa pete ni karibu uleule, sentimita 30 na kitu. Sasa fikiria: duara moja, lakini hapa umegawa mara 97, pale mara 124. Meno ya 97 ni manene, ya 124 ni madogo. Demarere ya meno madogo itaingia kwenye tundu lake vizuri kabisa, na itakula pete yako. Muuzaji wangu hakunidanganya aliposema "itaingia". Mimi ndiye niliuliza swali la jina, naye akanijibu kwa jina.

Nililipa hasara hiyo mwenyewe. Niliuza ordinateri niliyoandikia memwari yangu, dola 160, nikarudisha pesa ya demarere kwa Mzee na kumwambia kila kitu. Alinisikiliza, kisha akasema: "Mwana, mimi sina haraka. Macho njo iko na haraka." Neno hilo bado liko kichwani.

Kisha nikaanza upya, na mara hii nilianza kwa gari lenyewe, si kwa duka.

Jeep ya vita unaijua kwa uso. Matundu ya mbele ni tisa, na taa zimejificha nyuma ya bati. Za raia ziko na matundu saba na taa kubwa zimetoka nje. (Taa za ile ya vita zinaweza kugeuzwa kuangalia ndani, zimulike motere usiku. Mzee alikuwa amesahau. Nilipomgeuzia moja, alicheka kama mtoto.) Kisha unalala chini, mbele ya radiata: kama chuma kinachounganisha mikono miwili ya shasi ni bomba la duara, hiyo shasi ni ya Willys, kama kimekunjwa kama mfereji uliopinduliwa, ni ya Ford. Tena Ford waliweka herufi F karibu kila mahali, mpaka kwenye vichwa vya buloni. Uwe na brosi ya chuma, mafuta ya taa kidogo, na uvumilivu.

Yetu ilikuwa ya Ford kwa shasi. Uso wa Willys au wa Ford, hilo haina shida. Lakini bodi ya nyuma ilikuwa na mlango mdogo wa kufungua, kitu ambacho jeep ya vita haina. Kwa hiyo kuna mtu, miaka ya nyuma, alikata na kushona. Motere ilikuwa ya vita, kwa bahati. Hapo ndipo nilielewa kwamba gari la jeshi lililozeeka Afrika haliwi gari moja tena. Limepita kwa mafundi watano, kila mmoja ameweka alichokipata siku ile. Kwa hiyo haufai kuuliza "gari hili ni aina gani?" Unauliza motere peke yake, bwati ya vitesi peke yake, ekseli ya mbele peke yake, ekseli ya nyuma peke yake. Kila moja ina kitambulisho chake. Nilichukua daftari ya kurasa mia, kila sehemu nikaipa kurasa mbili, nikaandika kila namba na kila herufi iliyochongwa kwenye chuma, na vipimo. Piston: upana wa inchi 3 na 1/8. Uzi wa buloni zote: inchi, siyo milimita, na hili mtaliona ni dogo mpaka mtakapolazimisha buloni ya Toyota kwenye tundu la Ford na kuharibu vyote viwili.

Daftari hiyo ndiyo ilinifungulia milango. Maana jeshi la Marekani halikuandika piesi kwa majina. Kila gari lilikuwa na kitabu cha orodha ya piesi, na cha jeep kinaitwa G-503. Leo kinapatikana kwenye intaneti, unakisoma kwa simu. Ndani, piesi moja iko na namba mbili: ya Willys inaanza na WO, ya Ford inaanza na FM-GPW. Na namba za Ford zina akili ndani yake. Zikianza na 2 baada ya GPW, ni za freni. 3 ni ekseli ya mbele na usukani, 4 ekseli ya nyuma, 6 motere, 7 bwati ya vitesi. Ukishika chuma kilichooza, huna habari kinatoka wapi, lakini umeona GPW-3 na namba nyingine zinafuata, unajua tayari ni cha usukani ao cha ekseli ya mbele.

Kwa magari ya jeshi ya miaka ya karibu, Unimog, Land Rover za jeshi, kamio za NATO, kuna namba nyingine, ya tarakimu 13, ambayo majeshi ya NATO yanatumia kwa kila kitu. Tarakimu nne za kwanza ni kundi: 2530 ni freni, usukani, ekseli na magurudumu, 2910 ni mafuta ya motere, 2920 ni umeme wa motere, 3110 ni rulema. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoandikisha: 00 au 01 Marekani, 12 Ujerumani, 13 Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Ukiona karatasi ya kahawia iliyopakwa nta, imeandikwa 2530-14, mbele hata haujafungua unajua ni kitu cha gurudumu, freni au usukani kilichoandikishwa Ufaransa. Muuzaji wa mitraye ambaye hajui kusoma hiyo namba anakuuzia kwa kilo. Wewe uliyesoma unaona tofauti.

Rulema, wengine wanaziita beringi, ndizo zilinifurahisha zaidi. Zile za magurudumu ya jeep zina namba 18590 kwa koni na 18520 kwa pete ya nje. Hizo namba si za jeep. Ni za rulema yenyewe, na watu wanaitengeneza mpaka leo kwa ajili ya mashini nyingine kabisa. Mwanzo nilikuwa naambiwa "rulema ya jeep ya vita haipatikani Kongo". Siku niliyoandika namba kwenye karatasi bila kutaja jeep, kijana wa duka la rulema alinyanyuka, akarudi nazo. Hakuuliza hata ni za nini.

Lakini namba peke yake haitoshi. Lazima mtu.

Yule aliyenifundisha hiyo ni mzee mwingine, pensionera wa atelieri za Panda kule Likasi. Alifanya kazi ya ajisteri miaka mingi. Nyuma ya nyumba yake kuna makasha ya mbao, na watu wanasema anauza piesi. Nilienda na kiburi cha daftari yangu. Nikamwambia nataka buloni za gurudumu, zile zinazoshika ekru, juu mbili zilikuwa zimevunjika.

Hakusimama. Aliuliza: "Za kushoto ao za kuume?"

Nikasema, papa, si zote ni sawa? Akanitazama muda mrefu. Kumbe jeep ya vita, magurudumu ya kushoto yako na uzi wa kinyume. Kufungua, unazungusha upande ambao kwa kawaida unafunga. Ndiyo maana mbili zilivunjika: mwanafunzi wetu wa garaji alilazimisha kwa bomba refu, akiamini kutu ndiyo inamkatalia. Mzee wa Panda alifungua kasha, akatoa buloni moja, akaigeuza kwa vidole, akasema: "Niko nazo, lakini ni za kuume. Hazitakusaidia." Akazirudisha kwenye kasha. Nilikuwa na pesa mkononi, akazikataa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anajua piesi za jeep, namuuliza buloni za gurudumu na nanyamaza. Akijibu bei kwanza, naaga kwa heshima. Akijibu kwa kuuliza kushoto ao kuume, nakaa chini. Swali la pili ni demarere: nataka akaniulize meno ngapi, volti ngapi. Si lazima awe na duka zuri. Si lazima awe na duka.

Huyo mzee aliniokoa pia maisha, na hili naomba msilipite haraka. Jeep nyingine za vita ziko na rimu za vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa duara la ekru, nje ya lile duara la ekru tano za gurudumu. Ukifungua zile ekru za rimu wakati tairi ina upepo, vipande vinaruka na vinaua. Yetu ilikuwa na mbili za aina hiyo. Mwanafunzi alikuwa ameshaweka spana. Toa kwanza upepo wote, toa hata valvu, ndipo uguse.

Basi, piesi zinatoka wapi? Hapa Kongo, kwanza mitraye, lakini mitraye inakwisha. Chuma kinakatwa na kinaenda. Kisha makasha ya wazee kama yule, ambayo watoto wao wanatupa wiki moja baada ya matanga. Nje, mahali pa nguvu kwetu ni Ubelgiji na Ufaransa. Jeshi la Ufaransa lilishika jeep kwa miaka mingi baada ya vita, likatengeneza zile za zamani, likaongeza za Hotchkiss, kisha likauza akiba yake. Kule Ciney, Ubelgiji, kuna soko la vitu vya kijeshi vya zamani ambalo watu wanatoka mbali kuja kulitafuta. Piesi za Hotchkiss M201 nyingi zinaingia kwenye jeep ya vita, lakini si za umeme bila kuuliza, juu kuna zilizogeuzwa volti 24. Piesi za Uhindi ni rahisi kwa bei, na baadhi ni nzuri, ila ni za ukoo wa raia zaidi, kwa hiyo kila moja unapima. Bodi mpya nzima zinatengenezwa Ufilipino, watu wa Ulaya wananunua. Sisi tulishona ile yetu kwa bati, Mzee alikataa kuibadilisha. Alama za baba yake ziko pale.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawatakwambia kama hawajui, au kama wanajua sana: si kila kitu "kipya cha zamani" ni hazina. Kuna piesi zilizotengenezwa 1944, zikafungwa kwenye mafuta mazito na karatasi, hazijawahi kuguswa. Chuma kama gia, shafti, pete, nunua bila woga, mara nyingi ni bora kuliko cha leo. Lakini mpira? Bomba la freni la 1944, hata likiwa kwenye karatasi yake, limekufa. Mipira ya silinda ya freni vilevile. Niliona mtu anajivunia bomba la freni lenye tarehe ya vita. Tarehe hiyo ndiyo sababu ya kulitupa. Mpira nunua mpya kabisa, na uulize ulitengenezwa mwaka gani.

Kuna vitu pia haifai kununua nje. Ile bushi ndogo ya bronzi inayokaa mwisho wa kranki, mzee wa Panda aliichonga kwenye turi asubuhi moja, kwa kipimo cha daftari yangu. Sisi wa Katanga, kuagizia kipande cha bronzi kutoka Ulaya kingekuwa kichekesho.

Kwa wauzaji wa mbali, hii ndiyo njia nimefuata mpaka sasa. Mtu wa kwanza niliyemwandikia, Mbelgiji, sikumwambia "naomba pete ya volani". Nilituma picha ya pete yetu iliyoliwa, rula imelazwa pembeni, nikaandika: motere ya GPW, volti 6, nimehesabu meno 97. Nilihesabu mara tatu, nimeweka chokaa kwenye jino la kwanza, juu duara halina mwanzo. Alijibu kesho yake kwa swali: volani yenyewe imepasuka ao haijapasuka? Hakuna bei. Nikajua nimepata mtu. Mwingine alinijibu kwa dakika mbili, bei na namba ya kulipia, hakuna swali. Huyo nilimwomba picha ya piesi pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo na jina langu. Hajajibu mpaka leo.

Oda ya kwanza iwe ndogo, kitu ambacho ukikipoteza utalala usingizi. Na kwenye fakturi, mwombe muuzaji aandike jina kamili: "pete ya meno ya volani, gari Ford GPW la 1944". Asiandike tu "matériel militaire". Neno hilo ni kweli nusu, na kwa mpaka wetu nusu hiyo italeta maswali ya siku tatu. Vilevile gari lenyewe: kama huna karatasi zinazoonyesha lilitoka jeshini kwa njia halali na kufika kwako, usilinunue, hata kama ni bei ya mbuzi. Na yetu haitapakwa kijani cha jeshi. Mzee anataka buluu, kama baba yake alivyoipaka. Inatupunguzia maneno barabarani.

Pete ilikuja kwenye valizi ya shangazi mmoja wa Bruxelles, imefungwa ndani ya kitenge. Yomba alisema nishushe motere mwenyewe, nikashusha.

Pete ya meno haifungwi kwa buloni. Tundu lake ni dogo kidogo kuliko volani. Unaipasha moto, inapanuka, unaiangusha mahali pake, inapoa na inabana. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu memwari, nilitumia karatasi na kalamu: chuma kinapanuka karibu sehemu 12 kwa milioni kwa kila digri, pete ya sentimita 30, ukiongeza digri 200, unapata kama milimita 0.7. Inatosha. Lakini ukizidisha mpaka chuma kigeuke buluu, meno yanapoteza ugumu wake, na umeharibu pete ya pili. Tulikuwa na mbabula mbili za makala za mama. Nilisugua pete ing'ae ili nione rangi. Ilipoanza kuwa njano hafifu ya majani makavu, yomba akasema "sasa", tukaibeba kwa koleo, ikaingia kwa sauti ndogo, tik. Sekunde chache baadaye hakuna mtu angeweza kuisogeza.

Demarere ya kweli ilipatikana kwa mzee wa Panda. Alikuwa nayo muda wote. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza. "Haukuniuliza demarere. Uliuliza buloni." Alitaka dola 60, na niende kumtengenezea pompi yake ya maji.

Motere iliwaka mwezi wa tisa, na Mzee alikaa kwenye kiti, mikono kwenye usukani, gari juu ya matofali, nusu saa nzima bila kwenda mahali.

Iko juu ya matofali bado. Nakosa buloni mbili za kushoto na ekru zake, uzi wa kinyume, nusu inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Mzee wa Panda anaweza kuzichonga, lakini yeye mwenyewe amekataa: kwa gurudumu hataki chuma ambacho hajui kimetoka wapi. Nimeagizia mara mbili, mara mbili zimekuja za kuume. Kwa hiyo, kama babu yako aliacha kasha la vyuma nyuma ya nyumba, mbele hamjaliita gari la mitraye, chukua buloni moja yenye ekru yake na uzungushe kama unavyofungua siku zote. Ikizidi kukaza, niandikie.